Kichaka Kilichopita Paa

Maneno yenyewe yalianzia kwenye mashine ya kusaga mahindi pale sokoni Navakholo, na tangu siku hiyo hayakumtoka Nekesa masikioni. Alikuwa kwenye foleni na debe lake. Mashine ilikuwa inanguruma, na wanawake walikuwa wakipiga kelele ndio wasikizane. Mara mkanda ukakatika, mashine ikanyamaza ghafla, na sauti ya mama mmoja ikabaki hewani peke yake:

"...mume anakauka hivyo kwa sababu bibi alipanda mti na mkono wake mwenyewe!"

Hakuna aliyetaja jina. Hakukuwa na haja. Yule mama aliangalia unga kwenye vidole vyake kana kwamba ndio kwanza anauona, na mwingine akaanza kukohoa. Mkanda ulipofungwa tena, Nekesa alisaga mahindi yake, akalipa, akajitwika debe. Njiani alitembea haraka kama mtu anayefukuzwa na mvua, na jua lilikuwa kali.

Huku kwetu mwanamke hapandi mti. Anaweza kuchimba shimo, anaweza kuteka maji ya kumwagilia, na kuni zote za nyumba ni yeye anayezikata. Lakini kutia mche ndani ya shimo ni kazi ya mwanaume. Mwanamke akipanda, wanasema, amejipandia ujane. Mti ukimpita kimo, mume anaanza kushuka.

Na Nekesa alikuwa amepanda. Hilo ndilo lililofanya maneno yale yakwame. Uongo mtu anaweza kuupangusa. Huu ulikuwa ukweli nusu, na ukweli nusu haupanguswi.

Ilikuwa kaliandra, ya kulishia ng'ombe. Mbegu aliletewa na kikundi cha akina mama, na mwalimu wa kikundi aliwaambia wazi: "Hii si mti, akina mama. Ni kichaka. Ukiikata kila ikifika kifuani hata siku moja haitakuwa mti, na mama mkwe hatakuwa na maneno." Wakacheka, lakini walisikia. Nekesa aliloweka mbegu kwa maji baridi siku mbili mpaka zikavimba. Akaziotesha kwenye makaratasi ya maziwa yaliyojazwa udongo na mbolea ya ng'ombe, akazifunika na majani ya ndizi ili jua lisiziunguze. Mvua ndefu ilipoanza, mume wake Protus alikuwa Likuyani kwenye vibarua vya mahindi. Miche haingoji mtu. Akaipanda mwenyewe, hatua moja moja, kwenye mpaka wa shamba lao na la shemeji yake Were.

Haikupukutisha majani hata kiangazi. Napia, yale majani marefu ya ng'ombe, ikikauka, kaliandra ilikuwa kijani. Nekesa alikata asubuhi, akachanganya kidogo na napia, akampa ng'ombe ikiwa mbichi, na ng'ombe akaongeza maziwa mpaka Kulthum wa hoteli ya sokoni akawa anamngoja yeye kabla ya wengine. Maziwa yale ndiyo yaliyomweka kijana wao Elvis shule ya bweni. Maua yalikuwa mekundu, nyuzi nyuzi kama brashi, yanafunguka jioni, na nyuki walikuwa hawayaachi.

Kosa lake lilikuwa moja. Alitaka mbegu za kuuza. Kwa hiyo miche michache iliyokuwa karibu na nyumba akaiacha bila kuikata, itoe maua, maua yafunge maganda. Ilipanda, ikapanda tena. Siku moja ikapita paa.

*

"Mama Elvis, hebu njoo," mama mkwe aliita kutoka nje. Jina lake Namalwa, mama aliyezaa tisa na kuzika wanne, na kwa kila mmoja wa wale wanne alijua nani wa kulaumiwa.

Nekesa akatoka akijifuta mikono.

"Hii ndiyo mliniambia ni kichaka?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbona naiangalia na shingo juu kama naangalia ndege?"

"Ni ya mbegu, Mama. Ikikomaa nitaikata."

"Ikikomaa." Namalwa alilitafuna neno hilo. Kisha akaonyesha chini na fimbo yake. "Na hawa?"

Sisimizi. Walikuwa wamejipanga mstari mweusi kutoka kwenye nyasi mpaka shinani mwa vichaka, wakizunguka mahali pamoja palipolowa, wakipandana migongoni. Hapo ndipo Protus alipokuwa akisimama kila jioni kukojoa, kwa sababu choo kiko chini kabisa kwa migomba na siku hizi mkojo ulikuwa haumpi nafasi ya kufika.

"Nimeishi hii boma tangu niolewe," Namalwa alisema. "Sijaona sisimizi wakikutana kwa mti hivi kama wako kwa matanga. Hii mti inakunywa mtoto wangu. Na hawa wanakunywa makombo."

"Mama, sisimizi ni sisimizi."

"Nani aliweka mche kwa shimo?"

Nekesa aliendelea kujifuta mikono iliyokwisha kukauka. Namalwa akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyelipwa deni ambalo hakutaka kulidai.

Protus mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mtungi wa maji miguuni. Alikuwa mtu wa mabega. Sasa shati lilimning'inia kama limewekwa kwenye msumari. Alikunywa kikombe, akajaza tena.

"Baba Elvis, hiyo maji utaimaliza?" Nekesa aliuliza.

"Ni joto."

"Kumekuwa baridi tangu asubuhi."

"Basi ni joto yangu mimi."

*

Were alikuja Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa na pikipiki ya boda boda, na aliiegesha upande wake wa mpaka kama kawaida, hata akija kuwatembelea. Alimwangalia ndugu yake kwa muda mrefu kabla hajasalimia.

"Shemeji," alimwambia Nekesa pembeni, "nipatie huyu mtu nimpeleke hospitali kubwa, Kakamega. Kesho mapema. Mafuta ni yangu."

Hapo ndipo palipohitajika neno moja tu: haya. Lakini Nekesa alimtazama shemeji yake akakumbuka kwamba wiki chache kabla Were alikuwa amemuuliza Protus, hivi hivi tu, title ya shamba la marehemu baba iko wapi. Akakumbuka alivyolalamika kwamba mizizi ya kaliandra inavuka mpaka. Na Kakamega si hospitali peke yake. Ofisi ya mashamba iko Kakamega. Mawakili wako Kakamega. Mtu mgonjwa akiwekewa kalamu mkononi anajua anatia sahihi wapi?

"Ni malaria tu," alisema. "Nimemnunulia dawa."

"Malaria ya miezi?"

"Inarudi na inaenda."

"Shemeji, hata Mama anasema..."

"Mama anasema ni mimi. Wewe pia unasema ni mimi?"

Were alishika kofia yake ya pikipiki, akaizungusha mkononi. "Mimi sijasema kitu," alisema. "Lakini hiyo miti ikatwe. Watu wanaongea mpaka abiria wananiuliza. Juzi mama mmoja alishuka njiani akasema hataki kubebwa na mtu wa boma ya mjane."

"Mjane nani? Protus amekaa pale anakusikia!"

"Ndiyo maana nasema ikatwe."

Nekesa aliona wazi sasa, au alidhani ameona. Kwanza mpaka usafishwe. Halafu mwenye mpaka asafirishwe. Jioni alichukua title kutoka kwenye sanduku, akaishona ndani ya mto wake, na akaulalia shingo upande.

*

Jumatatu alipeleka maziwa hotelini. Kulthum, mtu wa Mumias aliyeolewa na kufanya biashara Navakholo miaka mingi, kwa kawaida alikuwa akiyapokea huku akimtania: "Asalaam aleikum, mama mwenye ng'ombe wa maua!" Siku hiyo alifunika sufuria na mfuniko kabla Nekesa hajaweka kibuyu chini.

"Leo nimeshapata, Mama Elvis."

"Umepata wapi, Mama Hadijah? Saa hii?"

"Nimepata." Kulthum aliangalia wateja wake, wanaume waliokuwa wakinywa chai na mandazi huku wakijifanya hawasikii. Akateremsha sauti. "Usinichukie. Mimi sina neno na maziwa yako. Lakini mtu ameuliza hapa mbele ya wote kama chai hii ni ya ule mti. Chai imebaki kwa thermos mpaka imepoa."

"Ng'ombe anakula majani. Majani, Mama Hadijah!"

"Najua."

"Na wewe unaamini?"

"Mimi kwa dini yangu siamini. Lakini mimi siuzii dini yangu, nauzia watu."

Nekesa alibeba maziwa kurudi nayo. Mzigo ule ule aliotoka nao sasa ulikuwa mzito, na kila aliyekutana naye aliangalia kibuyu kwanza, kisha uso. Alipofika nyumbani akayagandisha yawe mala, maana hakujua la kufanya nayo. Namalwa alikataa hata hiyo mala. Alisema tumbo linamuuma.

*

Protus ndiye aliyeikata.

Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amesikia yote, maana mgonjwa husikia kuliko mzima. Aliamka asubuhi akachukua panga, akaenda kwenye mpaka na ndala zake miguuni. Nekesa alisikia mapigo akadhani ni Were. Alipotoka, nusu ya safu ilikuwa chini.

"Baba Elvis! Ng'ombe atakula nini?"

"Akule maneno yao. Wameyalima mengi."

"Kata basi kwa kiuno! Ukikata juu inachipuka. Hiyo chini chini hivyo unaiua!"

"Si ndiyo wanataka?"

Alikata mshazari, kwa hasira, pigo moja moja, karibu na ardhi. Kila kisiki kilibaki kimechongoka kama mkuki. Alikata na ile mirefu ya mbegu, na maua mekundu yakaanguka juu yake, juu ya mabega yale yaliyokwisha. Namalwa alisimama mlangoni kwake, mikono nyuma, midomo ikitembea kama anasali. Were alikuja mpaka kwenye mpaka, akasimama, hakuvuka.

"Mmefurahi?" Protus aliwauliza wote kwa pamoja, Nekesa akiwemo. Jasho lilimtiririka. Akageuka arudi nyumbani.

Ni Nekesa aliyeona. Kwenye njia, kila alipokanyaga na mguu wa kushoto, palibaki doa jekundu. Alidhani ni maua.

"Mguu wako!"

Protus aliinua mguu akaangalia. Kisiki kilikuwa kimepita ndala, kimeingia kwenye unyayo, na kipande cheupe cha mti bado kilikuwa kimekwama humo.

"Aa," alisema. "Sijasikia."

"Hujasikia namna gani? Mti umeingia kwa mguu!"

"Nakwambia sijasikia."

Akacheka kidogo. Hakuna mwingine aliyecheka. Namalwa akasema kwa sauti ndogo, "Imelipiza," na akaingia ndani akafunga mlango.

*

Walimwosha kidonda na maji ya chumvi. Walikifunga na kitambaa safi. Kidonda cha kawaida kinakauka, kinawasha, kinatoa gamba. Hiki kilikaa wazi kama mdomo. Baada ya muda kikaanza kunuka, na kidole cha karibu yake kikabadilika rangi. Protus aliendelea kusema hakiumi, na Nekesa alishukuru Mungu kwamba hakiumi. Shukrani hiyo anaijutia mpaka leo.

Safu ilikuwa imekwisha. Mpaka ulikuwa mweupe. Ng'ombe alilia zizini, na maziwa yakashuka mpaka yakawa ya chai ya nyumbani tu. Kama ule mti ndio uliokuwa ukimnywa Protus, sasa haukuwepo. Basi mbona alizidi kukauka? Mbona bado mtungi wa maji ulikuwa unaisha kabla ya mchana?

Siku moja Nekesa alikuwa akifua. Suruali ya Protus ilikuwa imekaa kwenye karai tangu jana, kavu bado, haijatiwa maji. Aliiinua akaona mstari mweusi unatembea juu ya mguu wa suruali mpaka kwenye zipu. Sisimizi. Aliitupa chini kama imemuuma. Kisha akasimama akifikiri. Akaenda nyuma ya jiko, ambapo Protus alikuwa akikojoa sasa, kwa kuwa mguu haukumruhusu kwenda mbali. Hapakuwa na mti pale. Hapakuwa hata na nyasi. Na sisimizi walikuwepo, wamejaa, wanapandana.

Hawakuwa wameufuata mti. Walikuwa wanamfuata yeye.

Hakuenda kwa Namalwa. Hakuenda kwa Were. Alivaa leso akaenda sokoni bila maziwa, akaingia hotelini kwa Kulthum mbele ya wateja wote.

"Mama Hadijah, wewe umeishi na watu wengi. Mkojo wa mtu unaitanga sisimizi?"

Wanaume waliweka vikombe chini. Mmoja akasema, "Wewe mama, sisi tunakula hapa!" Wengine wakacheka. Kulthum hakucheka. Alimshika Nekesa mkono akamvuta nyuma kwenye jiko, kati ya sufuria.

"Anakunywa maji sana?"

"Mtungi."

"Anakonda lakini anakula?"

"Anakula kuliko mimi na mama yake pamoja."

"Ana kidonda?"

Nekesa alitikisa kichwa, ndiyo, na machozi yakaanza.

"Subhanallah. Mume wangu Abdulnasir alianza hivyo hivyo. Hiyo ni sukari, Mama Elvis. Iko kwa damu mpaka inamwagika kwa mkojo. Sisimizi wanataka nini duniani kama si sukari?" Kisha akauma mdomo. "Na mimi nilikurudisha na maziwa yako. Ningeuliza tu swali moja siku ile. Moja tu. Nilisikiliza wateja."

*

Alimkuta Were anapangusa pikipiki. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakapotea.

"Shemeji. Mpeleke."

Were aliendelea kupangusa. "Nani? Mtu wa malaria?"

"Nakuomba."

"Leo unaniamini? Siku ile uliniangalia kama mtu wa kumzika. Hata nikaogopa kumletea maji, usije ukasema ni sumu."

"Nilifikiria title," Nekesa alisema. Alisema hivyo hivyo, kavu, kwa sababu hakukuwa na wakati wa kulivika neno nguo.

Were alitupa kitambaa. Uso wake ulibadilika mara kadhaa. Mpaka leo Nekesa hajui ile title shemeji yake aliiulizia nini, na hajauliza. Lakini pikipiki iliwaka.

Walimweka Protus katikati, Nekesa nyuma amemshika kiunoni, mguu uliofungwa umenyooshwa pembeni. Dispensarini nesi aliyeitwa Jepkemboi alifungua kitambaa, akakunja pua kabla hajajizuia, akamdunga Protus kidole. Akaangalia mashine. Akadunga kidole kingine.

"Inasema nini, sista?"

"Imeshindwa kusoma, mama. Imepita hesabu yake." Alikuwa tayari anaandika karatasi ya kuwatuma Kakamega. "Huyu mmekaa naye wapi siku hizi zote?"

Swali hilo halikuwa na ubaya. Lakini Nekesa na Were waliangaliana. Protus ndiye aliyejibu.

"Nyumbani," alisema. "Walikuwa wanabishana juu ya mti."

*

Walimkata mguu chini ya goti. Daktari alisema wangefika wakati ule alipoanza kukonda, angerudi na vidonge na masharti ya chakula, na miguu yake yote miwili.

Alirudi na magongo, mvua zikiwa zimeanza. Namalwa alimpokea mlangoni, akapiga magoti akashika pale mguu ulipoishia, na hakusema kitu cha mti wala cha nani alipanda. Kulthum alituma mtu aulize kama maziwa yamerudi.

Yalikuwa yanarudi. Visiki vingine vilikuwa vimekufa kwa kukatwa chini sana, lakini vingine vilikuwa vimetoa machipukizi, mengi, ya kijani laini. Nekesa aliogopa kuyagusa. Asubuhi moja alimkuta Namalwa ameinama kwenye mpaka, anayachuma kwa mkono machache machache, anayaweka kwenye leso yake, anampelekea ng'ombe.

Protus alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni, anaangalia.

"Si inaota tu," alisema. "Hii yangu ndiyo imekataa."

Were, aliyekuwa ameegesha pikipiki upande wao wa mpaka, alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka, kisha Protus mwenyewe akacheka, na hapo Namalwa akaanza kulia.

*

Mama mwenzangu, kama unataka kaliandra, ipande. Ni nzuri. Lakini:

Usipande mbegu kavu. Iloweke kwa maji baridi kwanza.

Usingoje mtu aliye Likuyani wakati mvua iko hapa. Lakini akirudi, mwonyeshe, naye apande mche mmoja, watu wote wakiona.

Usiache ile ya mbegu karibu na nyumba. Iache mwisho wa shamba.

Usimpe ng'ombe kaliandra peke yake, wala iliyonyauka. Changanya na napia, na iwe mbichi.

Usikate chini. Kata kwa kiuno, na usikate mshazari mahali watu wanapita.

Usiende kwenye visiki na ndala.

Usishukuru kidonda kisichouma.

Mtu akinywa maji mtungi mzima na sisimizi wakimfuata, usiulize nani alipanda nini. Mpeleke apimwe.

Na pikipiki ikija, usiulize ni ya nani.